Jinsi ya kuchora pachedi: nguo ya ibada ya Kigujarati kwa kutu, harda na shabu

Mata ni Pachedi ni nguo ya pamba inayotundikwa nyuma ya Mama Mungu wakati wa ibada, hasa katika usiku tisa wa Navratri. Asili yake ni Gujarati, magharibi mwa India, na kitovu chake ni mji wa Ahmedabad. Walioikuza ni watu wa jamii ya Vaghari, ambao pia huitwa Devipujak. Walizuiwa kuingia mahekaluni, wakajichorea hekalu lao kwenye kitambaa: nguo ya nyuma, nguo za pembeni, na ya juu iitwayo chandarvo kama dari. Familia zinazoendelea na kazi hii Ahmedabad hujulikana kwa jina la Chitara.

Hapa Uganda, penye Wagujarati wengi Kampala, Jinja na miji mingine, karibu kila kitu cha kazi hii kinapatikana: pamba, ukwaju wa kaskazini, sukari guru ya Busoga, chuma chakavu kila mtaa. Vichache utavitafuta kwenye maduka ya Kihindi au kumwagiza mtu anayetoka India.

Elewa hili kabla ya kushika kalamu: rangi nyekundu ya pachedi haipakwi. Unachopaka ni maji ya shabu (lile jiwe jeupe la vinyozi), ambayo hayana rangi. Nguo ikichemshwa na alizarini, unga wa kutia rangi nyekundu, penye shabu panageuka pekundu, na pasipo na shabu panaoshwa mpaka pabaki peupe. Nyeusi nayo hutokea pale maji ya kutu yanapokutana na tanini, yaani ukakasi, ya tunda kavu la harda iliyomo ndani ya uzi. Kwa hiyo mtu mwenye mkono wa kawaida, aliyefua kitambaa chake sawasawa na kuyajua maji yake, atapata nguo nzuri kuliko mchoraji hodari aliyerukia kuchora. Ndiyo sababu tutakaa sana kwenye kitambaa, maji na dawa, na kidogo kwenye uchoraji wenyewe.

Panga tarehe kwa kurudi nyuma

Navratri kubwa huangukia Septemba au Oktoba, na ya Chaitra huangukia Machi au Aprili. Zote mbili zinakutana na mvua zetu. Pachedi inahitaji jua kali mara mbili: wakati wa kukausha harda, na mwishoni wakati wa kung'arisha weupe. Kwa Navratri ya Oktoba, tia chuma kwenye maji mwanzoni mwa Juni, andaa kitambaa mwishoni mwa Juni, chora Julai, chemsha mapema Agosti. Ukingoja mpaka Septemba utakuwa unaanika nguo chini ya mawingu, na sehemu nyeupe zitabaki za waridi.

Maji

Udongo wetu mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na chuma ndicho adui mkubwa wa rangi nyekundu kwenye nguo hii. Maji ya kinamasi, ya kisima kifupi, ya kisima kirefu cha mashine chenye mabomba yaliyoshika kutu, au ya mvua iliyopita kwenye mabati ya zamani, yanaweza kuwa na chuma hata yakionekana safi kabisa. Yapime hivi: jaza glasi, tia kijiko cha chai cha unga wa harda, koroga, acha nusu saa. Yakibaki ya njano au kahawia hafifu, ni salama. Yakiwa ya kijivu au meusi kama wino, yasiguse nguo hii. Huna harda bado? Chai ya rangi iliyokolea itakuonyesha jambo lilelile.

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria. Kwa kawaida yanapita kipimo hiki, ila ni laini mno, sabuni hutoa povu mara moja. Alizarini hupenda maji yenye kalsiamu. Kwenye maji laini nyekundu inatoka dhaifu. Dawa yake ni unga wa mawe ya chokaa unaouzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku, nusu gramu kwa kila lita ya maji ya kuchemshia. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba wala ya ujenzi. Hiyo imechomwa, ni kali, nayo itaigeuza rangi iwe ya zambarau.

Kitambaa

Tafuta pamba tupu isiyotiwa rangi wala kung'arishwa kiwandani, ile amerikani ya rangi ya maziwa, yenye uzito wa gramu 120 hadi 150 kwa mita ya mraba. Kiyembe, Kampala, utaikuta. Uliza kwa jina la kaliko. Chomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, uvichome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Uzi unaoyeyuka na kuacha kidonge kigumu ni poliesta, na poliesta haitashika chochote katika kazi hii.

Vipimo vyote vinavyofuata ni vya kitambaa cha mita 2 chenye upana wa sentimita 110, uzito wa kama gramu 300. Chako kikizidi au kupungua, kipime kikiwa kikavu na ubadilishe kwa uwiano.

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani na mafuta ya mbegu ya pamba. Kiloweke usiku kucha kwenye maji ya kawaida, kisuuze, kisha kichemshe saa moja katika lita 10 za maji zenye gramu 50 za magadi soda na kipande cha sabuni ya mche kilichokwanguliwa. Maji yatageuka ya kahawia kama chai. Yamwage, suuza, rudia kama bado yana rangi. Mwisho suuza mpaka maji yasiteleze tena mkononi.

Kisha pima. Dondosha tone la maji kwenye kitambaa kilichokauka: lisipozama papo hapo, mafuta bado yapo. Dondosha tone la iodini ya duka la dawa kwenye ukingo: likigeuka bluu nyeusi, wanga upo. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, halafu wiki sita baadaye wanashangaa kwa nini nyekundu yao ina mabaka kama ramani.

Harda

Harda ni tunda kavu la mti unaoitwa Terminalia chebula. Huuzwa kwenye maduka ya dawa za Kihindi, zima au limesagwa, kwa jina hilohilo au harde. Nunua unga ulio wa njano hafifu. Uliogeuka kahawia ni wa zamani.

Changanya gramu 60 na maji ya vuguvugu kidogo uwe uji, kisha ongeza maji mpaka lita 3. Wachoraji wa Kalamkari, nguo zinazochorwa kwa kalamu huko Srikalahasti, kusini mwa India, ambao kazi yao ni ndugu na hii, huongeza maziwa mazito ya nyati ili mafuta yake yazuie mistari isitawanyike. Maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta yanafaa, kama mililita 300. Kwa anayeanza tunashauri uyatie.

Ingiza kitambaa kikiwa kimelowa maji na kukamuliwa. Kigeuzegeuze kwa nusu saa ili kila mkunjo upate sehemu yake. Kitoe, kamua bila kusuuza, na kitandaze juani kikiwa kimelala, kwenye mkeka safi. Ukikianika kwenye kamba, tanini itateremka na maji, na ukingo wa chini utakuwa wa njano kuliko wa juu. Baadaye weusi nao utatofautiana vivyo hivyo. Upande ulioelekea jua unakuwa wa njano zaidi, na huo ndio upande wa kuchorea. Uwekee alama ya uzi pembeni.

Kuanzia hapo kitambaa kisiguse chuma. Mikasi yenye kutu, kamba ya waya, hata pini, vyote vitaacha alama nyeusi isiyotoka.

Wino mweusi: maji ya kutu

Chukua gramu 100 za chuma cha kawaida: misumari ya zamani, vipande vya nondo kutoka kwenye ujenzi. Mabati hayafai kwa sababu yamepakwa zinki, na chuma kisichoshika kutu hakifai kwa sababu hiyohiyo ya kutoshika kutu. Choma motoni kuondoa mafuta na rangi, kisha sugua. Weka kwenye mtungi wa udongo au ndoo ya plastiki pamoja na lita 1 ya maji, gramu 100 za sukari guru iliyopondwa na gramu 25 za unga wa dengu. Funika kwa kitambaa. Usikaze kifuniko, maana mchanganyiko unatoa hewa na chombo kilichobanwa kitapasuka.

Siku za kwanza utanuka kama pombe ya kienyeji, kisha utachacha kuelekea siki. Siki hiyo ndiyo inayokula chuma na kukitia ndani ya maji. Koroga kila siku kwa kijiti. Ahmedabad ni mji wa joto na kazi hii huiva upesi. Kampala iko juu ya mita 1,100, usiku una baridi, kwa hiyo hesabu wiki tatu. Gulu, penye joto zaidi, inaweza kuwa pungufu.

Usiamini kalenda, amini kipimo. Kila baada ya siku tatu chovya kijiti na uchore mstari kwenye kipande cha kitambaa chenye harda. Mstari wa kijivu unamaanisha subiri. Mstari unaoingia ukiwa wa kijivu na kukolea kuwa mweusi kabisa ndani ya dakika chache unamaanisha umeiva. Chuja kwa kitambaa mara mbili.

Usiongeze chuma wala muda kwa tamaa ya weusi zaidi. Chuma kikizidi, pamoja na asidi, kinaozesha pamba, na baada ya miaka nguo inachanika kwa kufuata mistari yenyewe.

Uji wa ukwaju

Maji ya kutu matupu hutambaa kwenye uzi. Yanahitaji uzito, na uzito huo unatokana na mbegu za ukwaju. Kaanga mbegu kwenye sufuria kavu yenye mchanga mpaka ganda la kahawia lipasuke. Twanga taratibu kwenye kinu, pepeta kwa ungo, kisha saga kiini cheupe kiwe unga laini na uchekeche kwa kitambaa chepesi. Hakikisha ganda limetoka lote, kwa kuwa lina tanini yake, na kila chembe iliyobaki itageuka doa jeusi.

Kwa wino wa mistari, tia gramu 25 za unga kwenye maji baridi kidogo, koroga madonge yaishe, mimina kwenye lita 1 ya maji ya kutu na upike kwa moto mdogo wa sigiri huku unakoroga, dakika 20. Ukipoa uwe kama uji mwepesi wa kunywa. Pika kidogo kidogo, wa kazi ya siku mbili. Uliochacha unalegea na mstari utatambaa.

Wanga wa muhogo ni rahisi kupata lakini haukai na asidi. Asubuhi mzito, jioni maji. Ukwaju unavumilia.

Kalamu

Pasua mwanzi mkavu uwe kijiti cha urefu wa penseli, chonga ncha, halafu ilainishe ncha hiyo kwa kuiponda kidogo ili nyuzi zake zifunguke. Kwa mistari mirefu, zungusha uzi wa sufi au pamba sentimita 2 juu ya ncha, ufunge. Huo utakuwa tangi la wino linaloshuka unapobonyeza. Vijiti vya mshikaki vya mwanzi vinafaa pia, ilimradi ni vipya. Kwa kujaza sehemu pana, mswaki wa mti uliotafunwa ncha ni bora kuliko brashi ya dukani, ambayo mara nyingi ina pete ya bati inayoshika kutu.

Kupanga hekalu

Kunja kitambaa katikati, kisha tena katikati, ubonyeze kwa mkono ili mikunjo ikuonyeshe kitovu. Mistari ya mwongozo ichorwe kwa mkaa laini, kwa kugusa tu. Penseli haitoki.

Anza na ukingo: mikanda miwili, jumla sentimita 7 hadi 8 kila upande. Kisha chora hekalu la katikati, lenye upana wa kama theluthi moja ya nguo, na tao juu yake. Ndani yake anakaa Mama, mkubwa kuliko kiumbe chochote kwenye nguo. Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, huwekwa juu, kwa kawaida kushoto; jua na mwezi nao hukaa juu. Sehemu iliyobaki hugawanywa kwa safu za vyumba: waumini, wapiga ngoma, wachezaji, farasi, tembo, tausi, visa vya Ramayana na Mahabharata, na bhuvo, yule kuhani anayeongoza mnyama wa sadaka.

Kosea mapambo, lakini usikosee mnyama wa Mama. Bahuchara hupanda jogoo. Khodiyar, mamba. Meladi, beberu. Momai, ngamia. Hadkai, mbwa. Visat, nyati. Vahanvati yuko kwenye mashua. Nguo ya familia hubeba Mama wa ukoo huo, kwa hiyo waulize wazee wa nyumba kabla ya kuchora chochote. Kwa heshima, na usikisie kwa jina la ukoo. Kama familia haili mayai wala nyama, vyombo vya kazi navyo viwe safi kwa kipimo chao. Nguo inakwenda madhabahuni.

Tandaza kitambaa juu ya blanketi lililofunikwa shuka kuukuu ya pamba. Juu ya nailoni wino hauna pa kwenda, utasambaa upande wa nyuma.

Chovya ncha ya kalamu sentimita moja, iguse kwenye ukingo wa bakuli, na uanze mstari mahali ambapo baadaye patajazwa weusi, kwa kuwa tone la kwanza daima ni nene. Vuta kuelekea kwako, kalamu ikisimama karibu wima, mkono mzima ukitembea kutoka begani. Mstari unaingia ukiwa wa kijivu, na kabla hujamaliza jicho la tausi, ule wa mwanzo umeshakuwa mweusi. Usirudie mstari ulio wa kijivu kwa kudhani wino ni hafifu. Subiri kwanza.

Umekosea? Ndani ya dakika chache, gusa kosa kwa kijiti cha pamba chenye maji ya limau, kisha kwa maji safi, na ukaushe kwa shuka. Weusi utayeyuka. Lakini na harda ya hapo imeondoka, kwa hiyo pakaushe, paka tone la maji ya harda, kausha tena, ndipo uchore. Baada ya siku moja limau halisaidii sana. Geuza kosa liwe jani.

Mistari yote ikikauka kwa siku nzima, jaza sehemu nyeusi kwa wino uleule.

Shabu

Shabu ni lile jiwe jeupe la kung'aa ambalo vinyozi hulipitisha kwenye shavu baada ya kunyoa. Saga gramu 40, yeyusha katika nusu lita ya maji ya moto. Kando, pika gramu 20 za unga wa ukwaju kwa maji kidogo uwe mzito, kisha changanya. Uji huu uwe mzito kuliko ule wa wino. Hauna rangi, na kwenye nguo ya njano hutauona, basi tia chembe chache za rangi nyekundu ya chakula ili ujue ulikopita. Itaoshwa yote baadaye.

Jaza kila sehemu unayotaka iwe nyekundu, ukikaribia mstari mweusi bila kuupanda sana. Paka mara moja, kwa usawa. Sehemu uliyoiruka itabaki nyeupe na hakuna marekebisho baada ya kuchemsha, kwa hiyo inua nguo dhidi ya dirisha uikague kabla haijakauka. Bakuli la shabu na bakuli la kutu visikaribiane, na kalamu zake zisibadilishane. Tone moja la kutu kwenye shabu linaifanya nyekundu yote iwe ya udongo.

Acha nguo ikae siku tatu mahali penye hewa, siku tano kukiwa na unyevu. Katika siku hizo asidi inatoka na dawa zinashikamana na uzi. Ukiiharakisha, dawa itaondoka na maji ya kuoshea.

Kuosha

Ahmedabad nguo hizi zilioshwa kwenye mto Sabarmati, kwa kuwa maji yanayokimbia hubeba shabu na kutu iliyolegea kabla haijatua kwenye sehemu nyeupe. Usipeleke nguo yako kwenye kijito chenye matope mekundu. Itundike nje kwenye mti au mlango, umwagie maji ya jerikeni kutoka juu kwenda chini, mfululizo, bila kusugua. Kisha ipitishe kwenye beseni tatu za maji mengi, ukiitembeza bila kusimama, mpaka utelezi wa ukwaju uishe. Usiiache hata dakika moja imelala kwenye beseni. Nguo zinazotoka na kivuli chekundu kuzunguka kila umbo ziliharibikia hapa.

Kuchemsha

Sufuria iwe kubwa, ya lita 20, ya shaba, aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Karai la chuma na sufuria ya enameli iliyobanduka visitumike. Tia lita 12 za maji, gramu 6 za unga wa mawe ya chokaa, na gramu 60 za maua makavu ya dhavdi (kichaka cha India, Woodfordia fruticosa) yaliyofungwa kwenye kitambaa. Maua haya husaidia rangi ikae sawa na kuzuia weupe usichafuke. Ukiyakosa, gramu 100 za pumba za ngano, zilizofungwa vilevile, zitafanya sehemu ya kazi hiyo.

Alizarini gramu 9: ikande na maji ya vuguvugu iwe uji usio na chembe, maana haiyeyuki kirahisi, na chembe kavu huacha nukta zisizotoka. Mimina, koroga, ingiza nguo ikiwa imelowa, maji yakiwa ya vuguvugu tu. Pandisha moto polepole, karibu saa nzima mpaka ianze kuchemka, kisha ushikilie hapo dakika 30. Muda wote mtu ashike mti wa kugeuzia: nguo isikae chini, isielee, isinase hewa. Moto ukipanda haraka, rangi inakimbilia sehemu za nje na mikunjo inabaki na michirizi.

Badala ya alizarini unaweza kutumia unga wa mizizi ya manjistha, gramu 200, uliolowekwa usiku. Nyekundu yake inaelekea chungwa, ni ya joto na sisi tunaipenda, lakini usiichemshe. Moto ukomee pale mkono hauwezi kuvumilia na mvuke unapanda bila mapovu, la sivyo itakuwa ya kahawia.

Toa nguo, iache ipoe, isuuze. Sehemu nyeupe zitakuwa za waridi chafu. Usitishike, na usitumie jiki: itaivunja nyeusi kwanza. Chemsha nguo dakika 20 katika lita 10 za maji na gramu 100 za pumba, suuza, kisha itandaze kwenye majani mafupi safi, juani, uinyunyizie maji kila inapokauka. Ifanyie hivyo siku nne hadi saba. Waridi itapungua kila siku huku nyekundu ikibaki palepale. Jioni iingize ndani; matope ya mvua moja ya usiku yana chuma cha kutosha kuharibu kazi yote.

Ikitoka vibaya

Nyekundu ya udongo au zambarau: kuna chuma mahali, kwenye maji, sufuria au bakuli la shabu. Nyekundu dhaifu kote: maji laini bila kalsiamu, au shabu ilioshwa kabla ya siku zake. Dhaifu kwa mabaka: wanga haukutoka. Nyeusi iliyogeuka kijivu au kahawia: harda ya zamani, au maji ya kutu hayakuiva, hiyo unaweza kuiokoa kwa kuizamisha tena kwenye harda hafifu, gramu 10 kwa lita 3, dakika kumi tu, ila weupe utapata unjano kidogo. Mistari yenye ndevu pembeni: uji mwembamba au uliochacha.

Wengine huongeza manjano ya bizari na bluu ya nili kwa brashi mwishoni. Bizari inapauka haraka juani. Kwa nguo ya kwanza, baki na nyeusi, nyekundu na nyeupe.

Kutundika na kutunza

Shona vitanzi vya pamba kila sentimita 20 kwenye ukingo wa juu na upitishe fito ya mwanzi. Misumari ichomwe kwenye fito, isichomwe kwenye nguo. Taa za mafuta na ubani zikae angalau nusu mita mbele yake, kwa sababu moshi wa mafuta hauoshwi kwa urahisi. Maji ya limau na matunda ya sadaka yasiirukie, maana yanafuta weusi. Ikichafuka, iloweke kwenye maji baridi yaliyopita kipimo cha harda, na sabuni ya mche kidogo kama ni lazima, isisuguliwe, ikaushwe kivulini. Baada ya Navratri izungushe kwenye fito bila kuikunja, uifunge kwa shuka ya pamba yenye majani makavu ya mwarobaini, na usiitie kwenye mfuko wa nailoni. Unyevu wa Kampala utaiotesha kuvu kabla ya Krismasi.